Kutoka Kituo cha Polisi Msimbazi hadi Muhimbili: dopamini, uraibu na dola

Kutoka Kituo cha Polisi cha Msimbazi, Kariakoo, hadi lango la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Upanga, hazifiki kilomita tatu. Mtu mwenye miguu mizima huvuka Barabara ya Morogoro na kufika bila kuhitaji nauli. Lakini kwa kijana aliyetawaliwa na heroini, safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Tangu unga ulipoanza kuzoeleka katika miji yetu ya pwani miaka ya 1980, njia ambayo dola ilimwandalia ilikuwa ya kituo cha polisi, kisha mahakama, kisha gereza. Ni Februari 2011 tu ndipo Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni, miongoni mwa za kwanza za umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, na mtu yule yule akaanza kuandikiwa kadi ya mgonjwa badala ya hati ya mashtaka.

Katika makala haya nataka kuzikalisha pamoja historia mbili ambazo kwa kawaida hazikutani. Ya kwanza ni historia ya kemikali iitwayo dopamini, iliyogunduliwa na kuchunguzwa katika maabara za Ulaya na Amerika. Ya pili ni historia ya mitaa yetu, ya Msimbazi, Gerezani na Jangwani, ambako kemikali hiyo imekuwa ikifanya kazi ndani ya vichwa vya watu bila mtu kuitaja. Hoja yangu ni kwamba jina tunalompa mtu ndilo linaloamua mlango atakaoingizwa. Sayansi ilikuwa na ushahidi wa kutosha wa kumwita mraibu mgonjwa miongo kadhaa kabla dola haijakubali kumwita hivyo. Kilichoibadilisha dola hakikuwa ushahidi huo, bali hofu. Na kwa kuwa hatukujifunza somo lenyewe, leo tunaona hadithi ile ile ikianza upya katika mtaa ule ule, safari hii kwa leseni na risiti ya kodi.

Mtaa wa wapagazi

Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya miili iliyotumikishwa. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, eneo hili likawa kambi ya kikosi cha wapagazi wa vita, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukakifanya kuwa Kariakoo. Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Waliokuja mjini kuuza nguvu zao waliishia upande huu. Hata leo, ukipita Mtaa wa Msimbazi asubuhi, utawaona warithi wao: wachukuzi wa mizigo, wasukuma mikokoteni, wapiga debe, machinga na mama lishe.

Nasema haya kwa tahadhari. Sidai kwamba umaskini humzaa mraibu. Unga umezitafuna pia familia za Oysterbay na Masaki. Ninachosema ni kwamba bidhaa hufuata mahali penye msongamano wa watu, fedha ndogo ndogo zinazozunguka kila siku na saa nyingi za kusubiri kibarua. Kariakoo ina vyote vitatu.

Heroini haikutengenezwa hapa. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa kituo katika safari ya bidhaa hiyo kutoka Asia kwenda masoko ya Ulaya na kwingineko, na kama ilivyo kwa kila bidhaa ipitayo bandarini, sehemu ilidondoka njiani. Mwanzoni ilikuwa ya kahawia, iliyovutwa kwa moshi. Kuelekea mwaka 2000 ikaenea nyeupe, inayoyeyuka vizuri katika maji, na pamoja nayo sindano.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa mwanahistoria, pale nyaraka zinapokosekana, msamiati ni nyaraka. Vijana wa Dar es Salaam walijitungia kamusi kamili kabla serikali haijajitungia sera. Unga ni bidhaa. Kete ni kipimo chake. Teja ni mtumiaji, na neno hilo limebeba dharau kiasi kwamba linatosha kumwondoa mtu katika ukoo wake. Maskani na geto ni mahali pa kutumia. Stimu ni ule mlevuko wenyewe. Na arosto ni mateso yanayomshika mtu dawa inapokwisha mwilini: makamasi, kuharisha, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi, na ile hali ya kutotulia ambayo waliowahi kuipitia husema haielezeki. Ukiyasoma maneno haya kwa makini utaona kwamba waliyoyatunga waliijua njia nzima ya ugonjwa, kuanzia raha hadi utumwa.

Sheria nayo ilikuja na msamiati wake. Sheria ya mwaka 1995 kuhusu dawa za kulevya iliweka adhabu kali na kuunda Tume ya kuratibu udhibiti wake. Ilikuwa sheria ya kupambana na wafanyabiashara, na wafanyabiashara walistahili kupambanwa nao. Lakini kwa kuwa mfanyabiashara mkubwa hashindi kijiweni, mkono wa sheria ulimfikia kwa urahisi zaidi yule aliyekutwa na kete moja mfukoni.

Kemikali iliyodharauliwa

Sasa tuhame kwa muda, twende maabara, maana bila safari hii hatutaielewa arosto.

Dopamini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910 huko London. Kwa karibu nusu karne hakuna aliyeijali. Wataalamu waliiona kama hatua tu katika utengenezaji wa kemikali nyingine za mwili, mfano wa unga wa ngano ambao hauna maana mpaka uwe mkate. Mwaka 1957 mambo yalibadilika. Katika hospitali ya Runwell, Uingereza, Kathleen Montagu alionyesha kwamba dopamini imo ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka huo huo, huko Lund nchini Sweden, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura dawa iitwayo resapini, ambayo humaliza akiba ya kemikali hizi katika ubongo. Sungura wale walilegea, masikio yakaanguka, wakawa kama gunia. Kisha wakadungwa levodopa, malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Muda mfupi baadaye walikuwa wameinuka wakitembea. Kwa kazi hiyo Carlsson alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Mwaka 1960, huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, ule unaomfanya mtu atetemeke, akakamae na kutembea kwa hatua ndogo ndogo. Wakakuta dopamini imepungua mno katika sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Mwaka uliofuata wagonjwa wakaanza kudungwa levodopa, na baadhi ya waliokuwa hawawezi kuinuka wakainuka. Kufikia 1967 George Cotzias, nchini Marekani, alikuwa ameonyesha jinsi ya kuwapa wagonjwa dawa hiyo kwa vipimo vikubwa vinavyopandishwa taratibu, na ikawa tiba ya dunia nzima.

Hadithi hii haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Resapini ilitoka katika mzizi wa mmea wa India uliotumiwa na waganga wa huko kwa karne nyingi. Ndugu yake wa karibu katika ukoo wa mimea ni msesewe, ambao magome yake Wachaga huyatia katika mbege. Na levodopa imo kwa wingi katika mbegu za upupu, mmea ule ule ambao kila mtoto wa kijijini anaujua kwa kuwashwa. Tumeishi na kemia hii mashambani na vilabuni, bila kuwa na maabara ya kuisoma.

Mkoani Kilimanjaro, katika wilaya ya Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye takriban watu 160,000 na mwaka 2008 wakachapisha matokeo yao. Walipata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na daktari yeyote. Walikuwa wakichukuliwa kuwa wazee tu. Ugonjwa usio na jina hauna dawa, na ndiyo maana jambo la majina si la wanaisimu peke yao.

Hata hivyo, hakuna aliyewahi kumpeleka polisi mzee wa Hai kwa sababu mkono wake unatetemeka. Tunakubali bila mabishano kwamba upungufu wa kemikali katika kichwa chake umemnyang'anya uwezo wa kuuamuru mkono. Ugumu wetu huanza pale kemikali hiyo hiyo inapomnyang'anya mtu uwezo wa kuamuru utashi wake.

Raha na uchu

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, James Olds na Peter Milner walitia waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya na kumpa kitufe cha kujichochea mwenyewe kwa umeme. Waya ulipogusa sehemu fulani, panya alibonyeza kitufe mamia ya mara kwa saa. Watu wakasema kituo cha raha kimepatikana. Ilipobainika baadaye kwamba njia za dopamini zinahusika, dopamini ikabatizwa kemikali ya raha, na jina hilo limeng'ang'ania hadi leo katika mitandao na mahubiri ya wahamasishaji.

Jina hilo linapotosha. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akiwa Fribourg nchini Uswisi, alipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilishtuka juisi ilipofika. Nyani walipojifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zilishtuka taa ilipowaka, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zilinyamaza kabisa kwa muda mfupi. Dopamini, kwa maneno mengine, hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na kwa njia hiyo humfundisha mnyama nini cha kufuata kesho.

Naye Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kwamba panya aliyeondolewa dopamini bado huonyesha usoni kwamba sukari ni tamu anapowekewa mdomoni, ila hainuki kuitafuta. Anaweza kufa njaa mbele ya chakula anachokipenda. Kumbe kupenda kitu na kukitaka ni mambo mawili, yenye njia mbili tofauti ndani ya kichwa.

Kiswahili hakikuhitaji panya kuyajua haya. Kina raha na utamu kwa upande mmoja. Kina uchu, hamu na tamaa kwa upande wa pili, na hakuna mzungumzaji anayeyachanganya. Wahenga waliposema mchovya asali hachovyi mara moja, hawakudai kwamba asali huzidi utamu kila inapochovywa. Walisema mkono unarudi. Dopamini ndiyo inayourudisha mkono.

Arosto na kikombe cha methadoni

Heroini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Ikiingia katika ubongo hugeuka kuwa mofini, na mofini huzituliza zile seli ambazo kazi yake ni kuzizuia seli za dopamini. Ni sawa na kuondoa breki katika gari lililoegeshwa mlimani. Chakula kizuri, sifa ya mzazi au mshahara wa kwanza huongeza dopamini kwa kiasi na kwa sababu. Heroini huiongeza kwa wingi, bila kazi wala sababu, na ubongo hujifunza somo la uongo: kwamba hakuna kitu duniani chenye thamani kama hiki.

Kisha ubongo hujilinda kwa kupunguza mwitikio wake. Kete iliyotosha jana haitoshi leo. Mambo ya kawaida, kama chakula, urafiki na kicheko cha mtoto, hupoteza mvuto. Wakati huo huo ishara za dawa huzidi nguvu: kona ya uchochoro, sauti ya muuzaji, hata kipande cha karatasi kilichokunjwa kwa namna fulani. Ile taa ya nyani wa Schultz sasa imetundikwa kila kona ya mtaa. Na chini ya uchu huo imelala arosto, ambayo haitokani na dopamini peke yake bali na mwili mzima uliokwisha kuzoea mofini na sasa unaidai. Mtu aliyefika hapo anaweza kuichukia heroini kwa dhati na bado akaiba simu ya mama yake ili aipate. Anaitaka bila kuipenda tena.

Kiasi cha mateso hayo kilirekodiwa mwaka 2005, pale watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam walipoeleza, katika jarida la kitabibu la Uingereza, jambo lililokuwa likifanyika miongoni mwa wanawake waliojidunga. Mwanamke aliyekuwa na fedha ya kete alijidunga, kisha akavuta damu yake kwa bomba la sindano na kumpa mwenzake aliyekosa, kwa imani kwamba damu hiyo ingemtuliza arosto. Tunaweza kulisoma jambo hili kama ujinga. Mimi nalisoma pia kama ushahidi wa watu walioachwa bila tiba yoyote, wakagawana kitu pekee walichobaki nacho.

Haishangazi basi kwamba tafiti za miaka hiyo zilikuta takriban asilimia 40 ya watu wanaojidunga jijini wakiwa na VVU, wakati kiwango cha watu wazima nchini kilikuwa chini ya asilimia 6. Takwimu hiyo ndiyo iliyoufungua mlango wa Muhimbili. Fedha za kupambana na UKIMWI, sehemu kubwa zikitoka Marekani, zikawezesha kliniki ya methadoni. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoa mingine.

Methadoni si miujiza. Ni dawa ya jamii moja na mofini, inywewayo mdomoni, ipandayo taratibu na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Haimpi mtu ile stimu ya ghafla inayoufundisha ubongo somo la uongo, lakini inaizuia arosto. Mtu aliyekuwa akiamka na kazi moja tu, ya kutafuta kete, anapata saa ishirini na nne zake mwenyewe. Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya kwanza kuhusu tiba hii huko New York mwaka 1965. Kutoka hapo hadi Muhimbili ni miaka 46.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya naomba wakitafakari kilichotokea. Mraibu hakufunguliwa mlango kwa kuwa anateseka. Alifunguliwa kwa kuwa alionekana anaweza kutuambukiza. Huduma iliyojengwa juu ya hofu ya wengine, na kwa fedha za wengine, ina msingi mwepesi. Januari 2025, serikali ya Marekani ilipositisha kwa ghafla misaada yake ya nje, kila aliyewahi kusimama katika foleni ya kliniki za aina hii barani Afrika alikuwa na sababu ya kujiuliza kama kesho angekikuta kikombe chake.

Ubongo si hatima

Wapo watakaosema: ukimwita mgonjwa umempa kisingizio. Pingamizi hili lina uzito, na historia ina jibu lake.

Katika vita vya Vietnam, wanajeshi wengi wa Marekani walitumia heroini, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa amefikia uraibu. Serikali yao iliogopa wimbi la waraibu wenye mafunzo ya silaha. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia baada ya kurudi nyumbani kuanzia mwaka 1971, na akakuta walio wengi wameacha. Waliorudia uraibu walikuwa wachache. Walikuwa wameondoka katika mazingira yenye ishara zote za dawa, wakarudi mahali penye familia, kazi na majirani waliowajua kwa jina jingine.

Somo hili linakata pande zote mbili. Linawakosoa wanaodhani kwamba kemikali ni hatima isiyopingika, maana watu huacha. Lakini linawakosoa zaidi wanaodhani kwamba kuacha ni suala la moyo mgumu tu. Wanajeshi wale hawakuwa na mioyo migumu kuliko vijana wa Jangwani. Walikuwa na mahali pa kurudi.

Sasa tutazame sera zetu kwa kipimo hicho. Kijana anakamatwa, anafungwa miezi kadhaa, anaachiwa na kurudi kona ile ile bila kazi. Taa zote za nyani zinamngojea zikiwaka. Tena kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha: mwili uliokaa bila heroini hupoteza uwezo wa kuistahimili. Akijidunga kipimo chake cha zamani siku ya kutoka, pumzi inaweza kukatika. Kifungo kilichokusudiwa kumrekebisha kinakuwa kimemwandalia kifo.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyoeleza vipigo na unyanyasaji wa polisi dhidi ya watumiaji wa dawa za kulevya nchini. Sheria mpya ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, yenye nguvu ya kukamata na kuchunguza. Februari 2017 uongozi wa Mkoa wa Dar es Salaam ulitangaza hadharani majina ya watu, wakiwamo wasanii, na kuwataka wafike polisi. Katika miaka hiyo hiyo kliniki za methadoni zilikuwa zikiongezeka, na Mamlaka yenyewe ikishiriki katika kuziratibu. Dola moja, mikono miwili: mmoja unamwita mtu mhalifu kwenye kipaza sauti, wa pili unamwita mgonjwa kwenye faili. Mtu huyo huyo hajui asubuhi ataamkia mkono upi.

Mkeka

Ningeweza kuishia hapo kama unga ungekuwa ndio mwisho wa hadithi. Sio. Siku hizi, ukitembea Kariakoo, hutakosa duka la kubashiri matokeo ya mpira, na ambaye hakuingia dukani analo duka hilo ndani ya simu yake. Ni biashara halali, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, na hulipa kodi. Vijana wanasema wanasuka mkeka, na jioni wanasema mkeka umechanika.

Mwaka 2003 Schultz na wenzake walichapisha matokeo mengine. Safari hii taa tofauti ziliashiria uwezekano tofauti wa juisi kuja. Taa ilipoahidi juisi kwa hakika, au ilipohakikisha kwamba haiji, seli za dopamini zilitulia katika muda wa kusubiri. Uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, seli zilizidi kuchemka kadiri muda ulivyokwenda. Kutokuwa na uhakika kwenyewe kulikuwa chambo. Hiyo ndiyo dakika ya themanini na tano, timu nne zimeshinda na ya tano iko sare.

Ushahidi mwingine ulitoka pasipotarajiwa. Wagonjwa wa Parkinson waliopewa dawa zinazoiga kazi ya dopamini walianza, baadhi yao, kucheza kamari kwa namna ambayo hawakuwahi kuicheza maishani: watu wazima, watulivu, wakapoteza akiba zao. Daktari alipopunguza dawa au kuisimamisha, wengi wao uchu ulikwisha. Nawaomba wanaharakati waukumbuke mfano huu kila wanaposikia kwamba kubeti ni uvivu wa vijana. Kidonge kilimtia mtu uchu huo, na kuondolewa kwa kidonge kukamwondolea.

Sisemi kubeti ni sawa na heroini. Mkeka uliochanika haumwachi mtu na makamasi na maumivu ya mifupa. Ninasema njia ya ndani ni ile ile, na kwamba dola imechagua kwa mmoja pingu na kwa mwingine leseni, bila kueleza kwa raia kigezo ilichotumia. Mchukuzi wa mizigo anayekesha na simu, ambaye fedha ya chakula cha nyumbani imekwenda kwenye timu za ligi asiyoijua, hana kliniki ya kwenda wala jina la ugonjwa wake. Yuko mahali alipokuwa mtumiaji wa unga mwaka 1990: anachekwa, anahubiriwa, na anaachwa.

Jambo la kudai

Kwa wanafunzi wangu, nasisitiza kwamba historia ya sayansi si ya wenye maabara peke yao. Andikeni historia za maskani na za kliniki, wangali hai wanaoweza kuzisimulia. Kwa wanaharakati, dai la msingi ni kwamba methadoni na nyumba za upataji nafuu ziingie katika bajeti yetu wenyewe, na kwamba kila anayetoka gerezani akabidhiwe kwa kliniki kabla hajafika mtaani. Kwa watumishi wa umma, sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha itengewe tiba ya waliodhurika nayo, na itengwe kwa sheria, isiachwe kwa hisani ya kampuni.

Madai haya hayahitaji ugunduzi mpya. Ushahidi wa Lund ni wa 1957, wa New York ni wa 1965, na wa Muhimbili umekuwapo tangu 2011, ukinywewa kila asubuhi mbele ya muuguzi. Kilomita zile chache za kutoka Msimbazi hadi Upanga zimekwisha kutembewa na maelfu ya watu. Kilichobaki ni dola kuacha kuwarudisha nyuma, na kuanza kumjengea njia kama hiyo yule wa mkeka, kabla hatujasubiri miaka mingine ishirini.